Maneno Manne ya Léonie

Tangu komunike ya serikali isomwe kwa redio, Honorine alikuwa anaogopa hata simu yake mwenyewe. Komunike ilisema kila mutu anayeweka ao kubadilisha pesa ya kripto ajiandikishe kwa biro mbele ya mwisho wa mwezi. Asiyejiandikisha, simu yake itakamatwa na mwenyewe ataingia gerezani. Sasa ujiandikishe vipi, weye mukimbizi wa Kpandroma? Jina lako, kijiji chako, pesa uliyo nayo, vyote kwa karatasi ambayo hujui itaishia kwa mikono ya nani. Aka! Wamama wa shirika lao la kuweka pesa pamoja walikataa kabisa.

Ilikuwa pesa ya kununua shamba. Wakati wa kukimbia vita, wanaume wenye silaha kwenye bariyeri waliwanyang'anya mpaka franga zilizofungwa kwa pindo la kitenge. Ndiyo maana, walipofika Bunia na kuanza kuweka tena kidogo kidogo, Honorine, muuza inite za simu kando ya soko, aliwaonyesha namna ya kuigeuza kripto, pesa ya ndani ya simu. Hata simu ikipotea, maneno kumi na mawili yanatosha kuirudisha. Na maneno hayo waliyagawa vile familia inagawa mizigo ikikimbia, ili mumoja ukikamatwa mingine ipone: manne kwa Honorine, manne kwa Estelle, manne kwa Léonie. Waliona wamefanya akili sana.

Kwa woga wa komunike, Honorine alifuta kila kitu kwa simu. Pesa ikabaki ndani ya vichwa vya wamama watatu tu. Kisha Léonie, mudogo wao, akapanda Kpandroma, kule walikokimbia vita, kuvuna viazi vyake.

Mchana mumoja simu ililia. Honorine aliona jina la Léonie, akafurahi.

"Mama Honorine," sauti ikasema, "munipe maneno yenu. Yangu nimeshatoa."

Tangu wajuane, Léonie hajawahi kumwita mama. Ni yaya tu, dada mukubwa, hata akikasirika. Na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mwanaume anakohoa. Honorine akasema asubiri, rezo ya simu iko mubaya, akaifunika simu kwa kitenge, akamushika mukono Estelle aliyekuwa anauza samaki wa Kasenyi kwa meza ya pembeni.

Estelle alimunong'oneza waende polisi. Polisi! Waseme nini? Kwamba mudogo wao ametekwa juu ya pesa ambayo wao wenyewe wanaificha serikali? Wangeanza kwa kumufunga Honorine, na Léonie angekufa wakati bado wanaandika. Estelle akaanza kulia. Alisema pesa si yao wawili, wamama wenzao watalala tena kambini, maneno yake hatoi. Honorine alimuelewa, maana yeye pia alishachagua pa kupanda maharagi. Lakini alimusogezea simu.

"Estelle, tuligawa maneno ili pesa isipotee," akasema. "Hatukufikiri kama mutu ndiye atapotea."

Estelle akafuta magamba kwa mikono, akachukua simu, akataja maneno yake moja moja. Honorine akataja yake. Laini ikakatika.

Hawakuuza kitu tena. Muteja alikuja kuuliza bei ya samaki, Estelle hata hakumuona. Honorine alipiga namba ya Léonie, akakuta imezimwa, akapiga tena. Jua likahamia upande wa pili wa soko, wauzaji wakaanza kufunga. Kama serikali ingekuja saa ile kumukamata, angeifuata bila neno, mradi simu ilie.

Ikalia. Namba wasiyoijua. Estelle ndiye aliyebonyeza.

Kwanza upepo tu, na mutu anahema kama aliyekimbia mbali. Honorine alifunga macho.

"Yaya," Léonie akasema. "Yaya, niko barabarani."