Watu wa Mpira wa Yai

Yordani alikuwa amechoka kabla hata hajavaa glavu. Si uchovu wa kazi, huo aliujua tangu ujana, unalala nao na ukiamka umepungua. Huu ulikuwa uchovu wa kuambiwa kazi ipo, kisha haipo, kisha subiri kwanza tutaona. Mwaka ule wa sabini na tano bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, korona, ile mashine ya kuchuna singa, nyuzi za mkonge, ilinguruma siku chache tu kwa wiki, na kambi za wafanyakazi huku upande wa Ngombezi zilikuwa zinahamwa mlango baada ya mlango. Aliyekosa kazi alikosa na chumba. Aliyekosa chumba alipandishwa lori yeye na godoro lake, akapelekwa kijiji cha ujamaa, apende asipende.

Sasa, lori lenyewe si la kumtisha mwanamume mzima. Wengine walipanda wakiimba. Lakini Yordani alikuwa na mama. Mama Dorkasi aliletwa kutoka Songea akiwa mwali, amefuatana na mume aliyeandikishwa kukata mkonge, na mume yule alizikwa palepale shambani, nyuma ya kambi, penye makaburi ya manamba, wale vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali. Bibi yule alishasema kwamba yeye hamwachi mumewe peke yake kwenye nchi ya watu. Wakitaka kumhamisha, wamzike kwanza. Alilisema hilo huku anachambua mchicha, hata sauti hakupandisha, na Yordani alimjua mama yake vizuri. Hakuwa anatishia. Alikuwa anatoa taarifa.

Basi hapo ndipo meneja alipoingia na wazimu wake.

Meneja huyu mpya alikuwa kijana msomi, mpole, ila alikuwa na muda mwingi kuliko mkonge wa kuuza. Alisoma ng'ambo, na huko aliona raga. Alipopata habari kwamba shambani kwake kuna watu wawili waliowahi kuucheza mchezo huo, hakupata usingizi.

Na kweli waliucheza. Zamani, mabwana wa mashamba walikuwa na timu yao, na mazoezini walihitaji ukuta wa kusukumana nao. Wakawaokota wapakizi wa mkonge, watu wenye shingo. Watu wa kambini waliucheka sana mchezo ule, wakauita mpira wa yai, maana hata mpira wenyewe haukuwa duara. Uhuru ulipokuja Wazungu wakaanza kufungasha, timu ikawa haitimii, na ule ukuta ukaingizwa uwanjani ukapewa jezi. Yordani na Dunstan wakawekwa mstari wa mbele, bega kwa bega, mikono imefungana mgongoni, vichwa chini. Dunstan alikuwa mtoto wa chumba cha jirani. Wazazi wake walikufa angali mdogo, na Mama Dorkasi akamlisha sahani moja na Yordani mpaka wote wakaota ndevu. Kisha Wazungu wakaisha, shamba likataifishwa, uwanja ukalimwa mahindi, na raga ikafa bila hata matanga.

Watu walipoanza kupunguzwa kazini, Dunstan alikuwa wa mwanzo mwanzo. Lori likamshusha Kwedizinga, kule Handeni, penye ardhi tele na maji ya kutafuta. Mvua ikagoma. Mwaka uliofuata ikagoma tena.

Meneja, akiwa amekaa na wenzake kilabuni, akazusha ubishi: mtu wa raga akiingia kwenye ngumi, atafika wapi? Wenzake wakasema hafiki popote, kusukuma si kupiga. Yeye akashikilia kwamba mtu aliyekanyagwa na Wazungu wanane kwa mpigo hawezi kuogopa mkono mmoja. Na mashirika ya umma yalikuwa na mashindano yao ya ngumi, shamba likawa halina bondia. Basi akakata shauri. Ilibaki nafasi moja ya kazi, mlinzi wa ghala la singa, pamoja na chumba. Yordani alikuwa mbioni kupunguzwa. Dunstan akaitwa kutoka Handeni. Wafunzwe ngumi wote wawili, wapigane, atakayeshinda achukue kazi na awe bondia wa shamba. Hata leo naamini kijana yule alidhani ametenda haki.

Dunstan alipofika alilala wapi? Kwa Mama Dorkasi, wapi tena.

"Shikamoo, mama," akasema mlangoni, na kibegi chake cha turubai mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Umekwisha wewe. Kule hawali?"

"Wanakula, mama. Chakula kikiwepo."

Alikuwa amekonda kweli, mashavu yameingia ndani. Mama akamwongezea ugali, Yordani akamsogezea mboga, na yale yaliyomleta hayakutajwa. Hayakutajwa siku ile wala siku zilizofuata. Walilala mkeka mmoja, wakaamka, mmoja akaenda mazoezini asubuhi na mwingine jioni, na usiku wakala pamoja. Yordani alitaka kumchukia mwenzake, maana ingemsaidia, lakini unamchukiaje mtu ambaye kikohozi chake unakijua gizani? Akabaki amechoka tu.

Mwalimu wao alikuwa Mzee Kibwana, mzaliwa wa Korogwe, aliyepigana ngumi Tanga mjini mpaka pua ikahama mahali pake. Aliwafunza wote wawili kwa ukali uleule.

"Ninyi watu wa mpira wa yai," alimwambia Yordani asubuhi moja, "Mungu kawapa shingo. Mtu akikupiga kichwa anaumia yeye mkono. Na kukimbia hamkimbii, hilo silikatai. Lakini mna ugonjwa. Mnapenda kushikana. Mtu akisogea tu, unamkumbatia kama mgeni wa Idi."

"Ndivyo tulivyozoea, mzee."

"Acha kuzoea. Na hayo macho, mbona yako chini kila saa? Unatafuta nini huko?"

Yordani akafikiri. "Mpira."

"Hakuna mpira, baba. Mpira ni yeye."

Yordani alijitahidi. Alijifunza kuinua macho, akajifunza kutoa mkono wa kushoto na kuurudisha nyumbani. Nguvu alikuwa nazo. Kilichomshinda ni kile ambacho Mzee Kibwana asingeweza kukijua. Kwenye raga ukichoka unamwegemea mwenzako, naye anakuegemea, na hakuna anayeanguka kwa sababu hakuna nafasi ya kuangukia. Ukiumia hujui hata nani kakuumiza, unaliacha lipite. Kwenye ngumi mtu amesimama mbele yako anakutazama usoni, na kila konde limekuja kwa jina lako. Uchovu wako huna pa kuuweka. Yordani aliuona huo ni upweke, akauchukia kuliko maumivu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, mbele ya korona. Walipanga mapipa, wakatandika mbao, wakazungusha kamba za katani, zile mbichi zenye kuchoma. Watu wa kambi walikaa juu ya marobota ya singa. Meneja alikaa kwenye kiti, amevaa miwani ya jua. Mzee Kibwana alikataa kukaa kona ya yeyote. "Wote wanafunzi wangu," alisema, akaenda kusimama na watazamaji, mikono nyuma. Refa aliletwa kutoka mjini.

Kipande cha reli kikagongwa, wakaingia.

Raundi ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Walisogeleana, wakashikana, vichwa chini, bega kwa bega, wakaanza kusukumana. Refa akawaachanisha, wakarudi palepale. Watu juu ya marobota wakavunjika mbavu.

"Waleteeni mpira wao," akasema mmoja.

"Hao waozesheni tu, mambo yaishe," akasema mwingine.

Raundi ya pili Dunstan akabadilika. Alianza kupiga mbavu, ngumi fupi fupi, na macho yake hayakuwa ya mtu anayelala mkeka mmoja nawe. Yordani akaona jinsi alivyonuia, akaelewa kwamba huyu mtu harudi Handeni kwa hiari yake. Akamfikiria mama akivutwa mkono kupandishwa lori. Akaanza kupiga na yeye. Vicheko vikakatika, watu wakaanza kutazama.

Raundi ya tatu, Dunstan alishusha mkono wa kulia kidogo tu, kwa uchovu. Yordani akatupa konde la kushoto likampata taya. Lilitua vizuri, na Yordani mwenyewe alilisikia mpaka kwenye bega. Dunstan akageuka nusu akaanguka kifudifudi, na alivyoanguka alijikunja, magoti tumboni, mikono imekumbatia kifua, kichwa ndani. Alianguka kama mtu wa raga anavyoangukia mpira.

Nakwambia, kichwa cha Yordani hakikushirikishwa katika kilichofuata. Mwili wake ulimwona Dunstan chini, amejikunja, na mwili ukafanya kazi uliyoifanya miaka yote ile. Alipiga hatua, akasimama juu yake, mguu mmoja huku na mmoja huku, mgongo umeinama, mikono imetanuliwa. Kwenye mpira wa yai, mwenzako akianguka na mpira ndivyo unavyofanya, unasimama juu yake ili viatu vya watu vianze na wewe.

Refa alimwambia aende kona. Sheria ni kwamba hesabu haianzi mpaka aliyepiga ameondoka. Akamwambia tena. Watu juu ya marobota wakamwambia, na Mzee Kibwana naye, hata meneja akainuka kitini. Yordani alisikia kelele, lakini uwanjani kelele zilikuwepo siku zote. Alikaza magoti akangoja wenzake wafike.

Hakufika mtu. Refa akamshika mkono kumvuta, na wakati huo Dunstan alikuwa amepata pumzi. Yordani akamwona anajiinua, akampitishia mkono kwapani akamsaidia kusimama. Refa akampangusa Dunstan glavu, akamtazama machoni, akasema pigana. Mikono ya Yordani ilikuwa bado inaning'inia. Dunstan akampiga kidevuni.

Alipopata fahamu alikuwa amelazwa juu ya magunia, na Mzee Kibwana anamfungua kamba za glavu.

"Ulikuwa umeshinda," mzee akasema. Hakuwa amekasirika, alikuwa kama mtu aliyevunjikiwa chombo. "Yule asingeamka kabla ya kumi. Nilikwambia uende kona au sikukwambia?"

"Uliniambia, mzee."

"Sasa ulikuwa unafanya nini pale?"

Yordani akatafuta jibu. "Ningemwacha wangemkanyaga."

"Nani? Ulingoni mlikuwa wawili."

Mzee Kibwana akamtilia maji kichwani, akamsaidia kuvaa shati.

Nyumbani alimkuta Dunstan amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, taya limevimba. Mama alikuwa ndani anapika, moshi unatoka. Yordani akaketi chini, akaegemeza mgongo ukutani.

"Ulijua nilisimama kwa nini?" Yordani akauliza.

"Nilijua. Nilipofumbua macho nikaona miguu yako huku na huku, nikajua."

"Na mkono niliokupa?"

"Niliujua pia."

"Ukanipiga."

"Nikakupiga." Dunstan alitazama mikono yake. "Ukitaka kunitukana, nitukane, Yordani. Siendi popote."

Yordani alitaka. Alilitafuta tusi, akalipata, kisha akaona hata kulitamka ni kazi. Moyo ulimuuma waziwazi, wala hakuuficha. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke, na Dunstan akageuza uso upande wa pili. Mama akawaita kula. Wakala.

Lori lilipangwa kuja katikati ya wiki. Yordani hakuwa na maneno ya kumwambia mama, kwa hiyo hakumwambia. Alifunga mizigo miwili tu, wake kwenye gunia, wa mama kwenye shuka, akaipanga mlangoni. Asubuhi ile alikuwa amejiandaa kumbembeleza, na kama itabidi, Mungu amsamehe, kumbeba.

Mama Dorkasi akatoka, amefunga kitambaa kichwani, akautazama mzigo wa shuka.

"Huo fungua," akasema.

"Mama, chumba si chetu tena."

"Najua. Ni cha Dunstan. Ameniambia nikae."

Yordani akamgeukia Dunstan. Dunstan alikuwa amesimama nyuma ya mama, na safari hii hakukwepesha macho. "Nilimwambia jana," akasema. "Shamba langu la kule Kwedizinga liko, na kibanda kipo. Vyote chukua wewe. Mama nitamtunza."

"Na mimi, mama?" Yordani akauliza. Mtu wa miaka karibu arobaini, na shingo ile, aliuliza hivyo.

Mama akamsogelea, akamgusa kidevuni palipovimba. "Ulipigana ili nisihame, mwanangu," akasema. "Basi, sihami."

Barabarani dereva akapiga honi. Yordani alichuchumaa, akafungua fundo la shuka. Akatoa sufuria, akatoa kanga za mama, akatoa kijembe chake kidogo, na kimoja kimoja akampa Dunstan avirudishe ndani.