Mkufu wa Majani ya Mgunga

Mama Halkano hanywi chai yangu. Miaka yote tunayokaa jirani hapa Wabera, kikombe changu hajakigusa, kwa sababu sisi ni ukoo wa wafua vyuma. Waborana wengi wameshaachana na upuuzi huo. Yeye bado. Lakini herini zake nani alimfulia? Mimi! Bangili? Mimi! Asante ya punda ni mateke, wallahi.

Mwanawe, Halkano, yeye alikunywa. Kila jioni alikuja kukaa na binti yangu Tiya, chai vikombe viwili, vicheko. Mwishowe akaagiza mkufu wa fedha. "Ni wa bibi-arusi wangu," akasema, akimtazama yeye. Mtoto wangu angeelewa nini? Akafua majani madogo ya mgunga, akapachika vito vya kijani katikati, huku anaimba. Mkufu mfupi, wa kubana shingo. Kifungo akakitengeneza mfano wa mwiba, hakifunguki mpaka ukiminye anavyojua yeye.

Jana asubuhi akaja mama mtu kuuchukua. Nikamwekea chai, nikidhani leo ameleta posa. Hakuitazama. Akauvaa mkufu, akajigeuzageuza mbele ya kioo.

"Utampendeza yule msichana wa kijiji cha Korbesa," akasema. "Harusi ni mwezi ujao."

Tiya akashika meza. Nikauliza, "Korbesa? Na huyu wangu je?"

"Mama Tiya, usijitie wazimu. Kazi yenu nzuri. Lakini kwa wafua vyuma hatuoi, unajua."

Hawaoi! Na fedha yetu imemkaa shingoni! Nikashika nyundo, Mungu anisamehe.

Yeye akataka kuuvua. Akavuta, akazungusha, jasho likamtoka. Mwiba ukakataa.

"Nifungulie," akamwambia Tiya.

Tiya akamsogezea kikombe. "Kunywa kwanza."

"Nini?"

"Chai ya mama yangu. Ama kauvunje kwa koleo, upeleke Korbesa vipande."

Alitazama mlangoni kama kuna mtu anamwona. Kisha akanywa. Ilikuwa imepoa, na akanywa yote.

Tiya akaminya mwiba, akamwekea mkufu mkononi. Macho yake makavu. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

"Umeona? Hujafa," akamwambia. "Sasa mpelekee bibi-arusi. Na mwanao mwambie chai hapa imekwisha."