Hamira ya Kula Kulala

Saa tatu asubuhi mstari wa ukuaji kwenye skrini ya tangi la hamira ulikuwa unapanda, na maabara nzima wakawa wanapongezana. Mimi sikumpongeza mtu. Hamira yetu haikutengenezwa kukua haraka namna ile.

Watu hudhani hamira ni ya kuumulia mkate tu. Hii yetu ilipandikizwa jeni za kichaka kimoja kichungu ambacho, kwenye vinyweleo vya majani yake, hutengeneza kitu kinachogeuzwa kuwa dawa ya homa. Mmea huunga vipande vidogo vya kaboni tano tano. Ni vipande hivyohivyo ambavyo mimea mingine huviunga ikapata harufu ya ganda la chungwa, rangi ya karoti na utomvu wa mpira. Ukitegemea shamba, utavuna ekari nzima upate kiganja. Hamira inaifanya kazi hiyo kwenye pipa la chuma, kwa sukari. Lakini kazi ni mzigo, na hamira nayo si jinga. Ikipata mwanya inazitupa zile jeni, inabaki kula na kuzaana. Hiyo ndiyo tunayoiita kula kulala, na hukua mbio kwa sababu haina majukumu. Nina shemeji wa namna hiyo, lakini hayo tuyaache.

Kosa lilikuwa langu. Kila tangi huanzishwa na hamira ya kwenye friza, iliyogandishwa ikiwa na jeni zake zote. Kuiamsha kunachukua siku nzima, na Ijumaa nilisahau kuitoa. Jumamosi nikachota kwenye sahani ya kuoteshea hamira iliyokaa kwenye friji majuma sita, ikila vinono bila kudaiwa kazi yoyote. Nikajiambia hamira ni hamira.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu mkuu wa maabara ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na tangu siku ya kwanza wenzangu wananong'ona kwamba niliingia kwa mlango wa nyuma. Nisingewapa la kusema, hata kwa dawa. Kiburi hicho ninacho, sikikatai.

Wifi aliihangaikia hamira hiyo miaka sita. Asubuhi hiyo mkaguzi wa kiwanda cha dawa alikuwa amekuja kuitazama. Akiridhika, inakwenda kwenye matangi yao makubwa. Asiporidhika, mradi unafungwa.

Wifi akanivuta kando. "Mbona inakimbia hivi? Uliianzisha na ya friza?"

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Daktari, hunijui?"

Akanishika bega. "Haya. Lete sampuli."

Nikanyonya mafuta yanayoelea juu ya tangi, maana humo ndimo dawa inamojikusanya. Nilijua hamna kitu. Kwenye friji palikuwa na kichupa cha mafuta ya tangi la mwezi uliopita, lililotoa dawa ajabu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikakibandika lebo ya leo, nikakitia kwenye mashine ya kupima, nikabonyeza.

Dawa ikiwemo, mashine huchora kilele dakika ya kumi na mbili. Tukasimama tukingoja. Mkaguzi, mama mrefu mwenye sauti ya upole, alimuuliza wifi kuhusu watoto. Wifi alijibu bila kuondoa macho kwenye skrini. Dakika ya kumi. Ya kumi na moja. Nilianza kuomba mashine iharibike.

Kilele kikapanda, kirefu, kimesimama wima. Wifi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na machozi yakamtoka mbele za watu. Sijawahi kumwona analia, hata kwenye mazishi ya mama yao.

"Hongera, Daktari," mkaguzi akasema. "Basi naichukua leo leo, kutoka tangi hilihili. Jumatatu ijayo inaanza kwetu."

Akatoa chupa yake, akainama kwenye bomba la tangi. Nikaona yote yatakayofuata: matangi yao makubwa yamejaa hamira ya kula kulala, hakuna hata tone la dawa, na jina la wifi juu yake. Mkaguzi akalishika bomba.

"Usichote!" Sauti ilinitoka kama ya muuza samaki. "Humo hamna dawa. Hicho kilele ni cha mwezi uliopita. Nimekiweka mimi."

Mkaguzi akainuka polepole, akafunga chupa yake tupu. Hakunitazama. Alimtazama wifi.

"Tangi kuharibika, Daktari, kunatokea hata kwetu. Ningeambiwa tu, ningerudi wiki ijayo. Lakini kubadilisha sampuli? Dawa hii watu wanaimeza."

"Maabara ni yangu," wifi akasema. "Andika jina langu."

"Daktari, ni mimi niliye..."

"Wewe nyamaza."

Mkaguzi akaandika, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Wenzangu nao wakatoka mmoja mmoja, wakijifanya wana shughuli. Wifi akafungua mvuke wa kuiua hamira tangini, akasimama akiusikiliza unavyovuma. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepata pa kushika.

"Nenda nyumbani," akasema mwishowe. "Kaka akiuliza, mwambie hamira ilikufa."

"Nitamwambia ukweli, wifi."

Akageuka, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

"Ukweli wa nini sasa?" akaniuliza.