Maoni Yangu Kuhusu Kengele

Kundi letu la simu linaitwa Jamvi la Wasimulizi, na jamvi lina adabu zake. Huwezi kuingia, ukamwaga hadithi yako na kuondoka. Kwanza usome za wenzako watatu, uzitolee maoni, ndipo uruhusiwe kutangaza yako. Na maoni si kuandika "nzuri sana dada" ukabandika maua. Truphena, mwalimu wa Busia upande wa Kenya ambaye ndiye msimamizi wetu, huyafuta hayo papo hapo. Anataka utaje kitu kimoja kilichokugusa na kasoro moja uliyoiona. Mwandishi naye lazima amjibu kila mtu kabla jua halijazama. Asiyejibu, hadithi yake inaondolewa.

"Hapa si soko la nyanya," Truphena hupenda kuandika, "ati kila mtu anaita wateja wake. Hapa tunaonjeshana mboga."

Mimi siandiki hadithi. Niliishia darasa la saba. Odoi, mume wangu, alipofariki, binti yetu Emmy alinitumia simu kutoka Kampala, akaniingiza Jamvini ili nisikae nikisikiliza kuku tu. Nikishaanika mihogo, nikishapiga kengele ya saa sita, nakaa kivulini nasoma. Nilikuwa mtoa maoni mzuri. Hilo naliungama, kwa sababu ndipo kosa lilipoanzia.

Mwezi wa pili aliingia mwandishi aliyejiita Dada Mvua. Hadithi yake ilikuwa ya mwanamke aliyemkimbia mume mkali huko Kenya, akavuka mpaka na mfuko mmoja wa nguo, akajificha katika kijiji asichokijua. Hakumpa jina, alimwita Yeye. Kila Ijumaa ilitoka sehemu mpya, na watu waliingoja tangu asubuhi. "Asirudi!" waliandika. "Yeye, tuko nyuma yako!" Tulimpenda kama jirani.

Katika watoa maoni wote, hakuna aliyemshinda Auntie Apolot. Mahali pa picha yake aliweka kikapu cha mayai. Alianza na shukrani, akamsifu mwandishi, kisha akauliza jambo dogo. Yeye anachota maji mtoni au kwenye pampu? Huko wanalima mpunga au mtama? Pikipiki inafika mlangoni, au anatembea? "Ni ili tuone kwa macho," alikuwa akieleza. Dada Mvua alimjibu kila mara, maana ndiyo sheria, lakini kwa kuzungukazunguka. Truphena alituwekea Auntie Apolot mbele kama mfano. "Mwoneni, jamani. Hivyo ndivyo msomaji anavyokuwa."

Nami nikataka kuwa hivyo.

Katika sehemu ya saba, Yeye amelala chumbani, anasikia kengele ya kanisa. Dada Mvua aliandika kwamba mzee fulani huigonga kwa jiwe, na sauti yake imepasuka, inakufa kabla haijafika ziwani. Nilicheka peke yangu. Kengele yenye sauti hiyo naijua. Ni rimu ya lori, ina ufa upande mmoja, imening'inizwa kwenye mvule nje ya kanisa la kigango chetu cha Merikit, na anayeigonga ni mimi.

Nikaandika: "Nimeguswa na kengele. Kasoro yangu: si jiwe, ni kipande cha springi ya gari. Si mzee, ni mimi Proscovia. Na ziwa halipo, sisi tuko Merikit, Tororo. Inapigwa tatu, tatu, tatu, halafu tisa. Mwandishi, karibu nyumbani."

Dada Mvua alijibu upesi kuliko siku zote. "Asante mama. Lakini si huko. Ni kijiji cha kubuni tu."

Ningenyamaza hapo. Mtu amekwambia si huko, mwache. Lakini nilikuwa nimeshaona vidole gumba vinapanda, ishirini, arobaini, sitini, na Truphena ameyabandika maoni yangu juu kabisa ya ukurasa. Nikaandika tena: "Mwanangu, usione haya kwenu. Sikio langu halidanganyiki."

Na Auntie Apolot akaja chini yangu. "Mungu akubariki, mama wa kengele. Umetufungua macho. Mtu akitoka Busia, huko kwenu anafikaje?"

Nilimwambia. Afike Tororo mjini, apande bodaboda, ataje Merikit, aulize kigango. Hata mtoto atamwonyesha.

Ijumaa sehemu ya nane haikutoka. Watu walisema labda mwandishi anaumwa. Jumamosi, nikiwa nageuza mihogo mkekani, nikaona Auntie Apolot ameandika tena chini ya ile ya saba: "Nimeguswa na vile Yeye anavyofunga kitambaa hata akiwa jikoni, masikini, kuficha lile sikio. Kasoro ni moja: mwandishi hatuambii huyo mke alifanya nini hadi mume akakasirika."

Nikasoma mara mbili. Sikio gani?

Nikarudi sehemu ya kwanza, nikasoma zote kwa kidole, mstari kwa mstari, kama nilivyofundishwa shule. Kitambaa kipo, kwenye sehemu ya tatu. Sikio halipo popote.

Lakini mimi kuna sikio nililijua. Tangu Januari kuna mwanamke aliyekuja kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga hapa senta, penye maduka. Anasema anaitwa Tracy. Kanisani anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kitambaa chake kimeteremka hadi shingoni. Siku moja ya Kwaresima alikuwa ananawa unga usoni pale pampuni, kitambaa kikateleza. Sikio la kushoto, nyama ya chini haipo. Haikukatwa kwa kisu. Alifunga haraka, nami nikaangalia dumu langu. Sikumwambia mtu yeyote.

Basi Auntie Apolot ameambiwa na nani?

Mihogo niliiacha na kuku. Nilimkuta Tracy amekaa juu ya gunia tupu nje ya mashine, uso umejaa unga.

"Dada Mvua," nikaita polepole.

Hakugeuka upesi. "Mama, ungeniita Tracy tu."

"Sehemu ya nane iko wapi?"

"Haipo. Uliimaliza wewe." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikampa simu. Alisoma, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye kitambaa.

"Sikio sikuliandika," akasema.

"Najua. Nimelitafuta."

"Aliyeling'ata ndiye anayelijua." Akaendelea kuitazama simu kana kwamba inaweza kumrukia. "Nimemjibu mara ishirini na moja, mama. Nimemwita auntie. Nimemwambia asante kwa kunisoma vizuri."

"Kwa nini uliandika, mwanangu?"

"Kwetu wote waliniambia nirudi kwake. Mama yangu, pasta, shangazi zangu. Mle ndani watu mia nne wananiambia nisirudi. Ungekuwa wewe, ungeacha kuingia?"

Hapo ndipo aliponiambia jina lake la kweli ni Carol, na mume anaitwa Jacktone.

Nikampigia Truphena palepale. "Futa maoni yangu ya kengele."

"Weh! Mama, si ndiyo maoni bora ya mwezi?"

"Futa. Na umtoe Auntie Apolot."

"Nimtoe kwa kosa gani? Kuwa na heshima? Mama, wivu mwingine huo."

Nikamweleza habari ya sikio. Sauti yake ikarudi ndogo. "Nimefuta. Huyo simtoi bado, asije akashtuka. Lakini mama, yamekaa hapo juu wiki nzima."

Alipokata tu, simu ikaita ting. Ujumbe wa pembeni, kwangu peke yangu, wenye kikapu cha mayai.

"Mama wa kengele, ni mimi msomaji mwenzako. Nimefika Tororo. Nimekuletea sukari kilo mbili. Nakuja kukusalimia tu."

Carol alikuwa ameshasimama. "Naondoka."

"Kwa njia ipi? Ile anayojia?"

Barabara ya kutoka senta ni moja, na kutoka Tororo pikipiki haichukui hata saa nzima. Nilimshika mkono, nikamwingiza nyumbani kwangu, chumba cha ndani, nikamwambia akae chini ya usawa wa dirisha. Kisha nikakimbia kwa Obore, mwenyekiti wa kijiji, nikamkuta amegeuza baiskeli miguu juu anaziba pancha, nikamweleza yote.

"Mama Emmy," akacheka, "hizo hadithi zenu za simu zitawaua. Mtu anakuletea sukari unataka nimkamate? Mimi hata muwa sijaletewa."

"Obore, hilo sikio nimeliona kwa macho yangu. Ni meno."

Kicheko kikaisha. Akafuta mikono kwenye suruali. "Rudi ukae nyumbani. Mimi nakwenda kuita watu wa mashine."

Nikarudi, nikaweka kigoda kizingitini, nikakaa. Nilianza rozari na sikufika mbali. Pikipiki ilisimama penye ua, ikamshusha mtu, ikaondoka. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Sukari aliibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayekuja kuposa.

"Hodi, mama wa kengele."

"Karibu. Kaa hapo kwenye kiti." Kiti nilikuwa nimekiweka mbali.

Hakukaa. "Mimi ndiye Auntie Apolot," akasema, akacheka kwa upole. "Usishtuke. Mwanaume akitoa maoni, wanawake wanaogopa kumjibu."

"Sijashtuka."

"Ulinifurahisha sana, mama. Wengine wanajifanya wanajua. Wewe ulitaja hata idadi ya kugonga." Akatazama dirisha, akatazama jiko la nje, akarudi kwangu. "Jua kali. Naomba maji ya kunywa."

Kwetu mgeni hanyimwi maji. Hata adui yako, unampa kwanza ndipo mnagombana. Lakini mtungi ulikuwa ndani, na mlango ulikuwa nyuma yangu.

"Maji hakuna," nikasema. Nikajisikia vibaya kwa uongo huo mdogo, hata katika saa ile.

Naye akauona. Akatabasamu. "Mama anayepiga kengele ya Bwana hasemi uongo. Kwa hiyo nitauliza mara moja tu. Mke wangu yuko hapa?"

Ndani kitu kilisugua ukuta. Sote wawili tulisikia. Mimi ndiye niliyemwelekeza mtu huyu barabara, ya mjini na ya senta na ya kigango. Nikaona sina haki ya kujificha nyuma ya neno.

"Yupo," nikasema. "Yuko nyuma yangu. Mlango huu ni mwembamba, utanikanyaga mimi kwanza. Na nitapiga yowe lisikike mpaka Iyolwa. Mwenyekiti yuko njiani."

Tabasamu lilibaki palepale, macho tu ndiyo yalihama, yakapima kizingiti, yakapima mimi. Akaweka sukari chini taratibu. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Niliona vumbi kwenye viatu vyake, nikashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Jacktone." Ilikuwa sauti ya Carol, kutoka dirishani. Hakuwa amekaa chini kama nilivyomwambia. Alikuwa amesimama, kitambaa kimevuliwa, simu mkononi. "Usisogee. Umetoka vizuri kwenye picha."

"Carol, mama watoto. Tuzungumze."

"Watoto sina, ulihakikisha wewe. Sehemu ya nane nimeipandisha sasa hivi. Ina uso wako, na jina lako, na sikio langu. Nimeandika uko wapi na umesimama mlangoni kwa nani."

Mwanzoni hakuamini. Kisha mfukoni mwake simu ikalia ting. Ikalia tena. Halafu zikafuatana, ting, ting, ting, kama mvua inavyoanza kwenye mabati, mpaka akaitoa. Nilimwona anasoma, midomo ikichezacheza. Sijui aliona nini. Baadaye Truphena aliniambia walikuwa watu mia tatu katika dakika zile, na hakuna aliyekumbuka kutaja kasoro.

Obore aliingia uani na wanaume watano wa mashine, weupe kwa unga kama mizimu, mmoja ana koleo. Jacktone alirudi kinyumenyume, mikono juu kidogo, mpole kabisa.

"Hakuna ubaya, wazee. Nilileta sukari."

"Ichukue," Obore akasema.

Hakuichukua. Penye ua aligeuka, akanitazama mimi, hakumtazama Carol. "Asante kwa maelekezo, mama. Sasa nimeijua njia." Obore alipokuwa bado anawatafuta polisi wa Tororo kwa simu, pikipiki nyingine ilikuwa imeshambeba.

Carol aliondoka Jumapili kabla ya misa, na mfuko ule ule mmoja. Polisi walikuwa wameandika maelezo yake na kumwambia wakimwona mtu huyo watamwita. Alitaka kuniambia anakokwenda. Aliufungua mdomo, nikaziba masikio yangu kwa viganja viwili, pale barabarani, watu wanatuangalia. Alicheka kidogo, halafu akalia, halafu akapanda gari.

Jamvini nilijitoa. Truphena ananiandikia nirudi, sijamjibu.

Jumatano nilikwenda kusaga. Penye njia panda kuna benchi la wanaongoja bodaboda, na Jacktone alikuwa amekaa hapo, shati jingine, safi. Bodaboda zilisimama mbele yake, zikaondoka, hakupanda. Kila gari lililotoka senta alichungulia ndani yake, kama mtu asiyejua kwamba Carol ameshaondoka.

Nikaenda kumwambia Obore. Obore akawapigia polisi, wakasema wanakuja. Nikarudi na gunia langu, nikalitandika upande wa pili wa barabara, nikakaa nikimtazama mpaka alipoinuka.

Polisi hawakufika. Alhamisi nilikwenda tena. Alikuwa ameshafika.