Maji ya Kufukuza Nzi

Nzi walikuwa wa Chola, lakini aibu aliila Victorine. Kila asubuhi aliosha kwa javel, dawa ya kuua vijidudu, meza za malewa yake, kibanda cha chakula pale soko la mtaa wa Kenya, akafunika bukari, ugali wake, akatupa takataka mbali. Kazi bure! Nyuma ya ukuta wa mabati, Chola, mama muuza samaki, aliacha beseni la matumbo likichacha juani, na nzi wakitoka huko walikuja kwa Victorine bila haya.

Alishamsihi kwa upole mpaka akachoka. Chola alisonya tu.

"Ile nzi iko na jina yangu ku mugongo?"

Basi Victorine akatundika mlangoni mifuko miwili ya plastiki yenye maji safi, kama alivyoona kwenye nyumba za matajiri wa mtaa wa Golf. Wanasema nzi akiona mwanga mle ndani anaogopa. Kumbe amempa adui kisu! Saa ya chakula, meza zimejaa, Chola akasimama njiani akapaza sauti:

"Bantu, muangalie! Ile maji iko bwanga! Njo anavutaka nayo ba-client!"

Lo! Ukishaitwa mtu wa bwanga, mtu wa uchawi, nani atakula chakula chako tena? Mikono ikaacha bukari. Papa Constantin, fundi wa kuchomelea, mteja wa tangu mwanzo, akasukuma sahani, akainuka. Wengine wakamfuata. Watoto watano wa Victorine wangekula nini? Mawe?

Hasira ikampanda. Akang'oa mfuko mmoja, akautoboa kwa meno, akanywa yote, maji yakimlowesha kifua. Akanywa na wa pili. Watu wakasimama pale pale.

"Mumeona? Kama iko bwanga, iniue hapa hapa!"

Akazunguka ukuta, akarudi na lile beseni, nzi wakivuma juu yake, akalibwaga miguuni pa Chola.

"Yangu nimekunywa. Sasa weye, kunywa yako!"

Wateja wa Chola mwenyewe walichungulia, wakaona funza wanavyochezacheza mle ndani. Mama mmoja akamrudishia samaki aliyenunua kwake.

"Toa ile buchafu, Mama Chola," Papa Constantin akasema. "Peleka mbali."

Akakaa, akavuta sahani yake. Chola akalibeba beseni akapita nalo katikati ya soko zima, macho chini, na nzi wakamfuata mwenye mali.