Magunia Meupe ya Kwenda Fungurume

Ndaya alitaka mzigo wake upendeze. Miaka yote aliyouza unga katika soko la Manika, alikuwa ameutia katika magunia ya kila rangi na kila umri, na hakuna mteja aliyelalamika. Lakini safari hii haikuwa ya soko. Edouard, msimamizi wa mkahawa unaolisha madereva wa malori kule Fungurume, alikuwa amekubali kuujaribu unga wake wa mahindi uliochanganywa na muhogo. Wapishi wangeusonga kuwa bukari, ugali wa huko, mchana wa kesho. Wakiridhika, Ndaya angepeleka mzigo kila wiki. Wasiporidhika, au asipofika, Edouard angeendelea kununua kwa mfanyabiashara mwingine, na nafasi hiyo isingerudi.

Kwa sababu hiyo alinunua magunia meupe, yote sawa, kwa Stany, muuzaji wa magunia yaliyokwisha kutumika. Yalikuwa yamefuliwa kwa sabuni na kuanikwa juu ya bati. "Ya sukari, mama," Stany alisema, na Ndaya hakuuliza zaidi.

Alasiri magunia yalikuwa yamejaa, yamepangwa barazani. Jémima, binti yake aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu, alishona midomo yao kwa sindano ndefu. Nje, Kazadi, dereva waliyemkodi, alikuwa amelala chini ya gari lake akikaza kitu kwa spana.

"Tata Kazadi, hii gari itafika?" Ndaya aliuliza.

"Mama, hii gari inajua njia kunipita. Mi niko tu wa kuishikia usukani."

"Na breki, nazo zinajua njia?" Jémima alidakia.

"We mutoto wa iniversite, shona saki!"

Walikuwa bado wanacheka Kisimba alipofika. Huyu alikuwa mdogo wake Ndaya, mchimbaji wa madini katika mashimo ya Mashamba, na aliishi nao. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja: anayetoka shimoni havuki kizingiti na nguo za kazi. Nyuma ya ua palikuwa na pipa la maji, na nguo safi zilining'inia kwenye msumari. Ndaya aliiweka sheria hiyo siku Kisimba alipoanza kuchimba, na hakuwahi kuilegeza, hata mvua iliponyesha.

"Simama pale pale!" alimkemea. "Usiguse kitu."

"Yaya, dada yangu, hata jambo hunipe?"

"Jambo utaipata ukisha kunawa. Ile vumbi yako haina ya kuingia mu chakula yangu."

Kisimba aliyatazama magunia, akaanza kucheka peke yake. "Mi unanifukuza, lakini nguo yangu umeingiza mu nyumba, umeijaza bunga, na mutoto anaishona kinywa."

"Unasema nini?"

"Zile saki. Angalia pembe ya chini, ndani ya pindo. Uzi mwekundu uko, ao hauko?"

Jémima aliinama, akafunua pembe ya gunia lililokuwa karibu. Uzi ulikuwapo, mfupi, umepitishwa mara mbili. Akafunua la pili. Ulikuwapo pia.

"Kule depo, pale tunauzishaka mawe ya shimo, bantu ba depo njo banashonaka ule uzi, ili tusiibiane saki," Kisimba alisema. Sasa hakuwa akicheka. "Hakuna saki ya sukari iko na ule uzi. Zile zilibebaka kobalti."

"Zilifuliwa," Ndaya alisema.

"Hata hii shati yangu unaifulaka. Unaweza kutia bunga ndani yake?"

Ndaya alipiga magoti kando ya magunia. Alichukua wembe, akafumua pindo la gunia moja. Katika mkunjo, mahali ambapo sabuni haikufika, palikuwa na tope jeusi lililokauka, na unga uliogusana nalo ulikuwa umegeuka kijivu.

Kazadi alitoka chini ya gari, akajifuta mikono. "Mama, vumbi ni ile ile. Bantu bote ba hapa tunaikulaka kila siku. Nani atajua?"

Alichosema kilikuwa kweli. Kila lori lililopita liliacha vumbi juu ya majani ya mboga na juu ya vifuniko vya sufuria. Lakini vumbi hilo lilijileta lenyewe. Hili angelibeba yeye, angelishusha mlangoni pa jikoni, na angelipwa kwalo.

"Mi najua," Ndaya alijibu.

Kisha akaanza kuyafungua magunia meupe, moja baada ya jingine, na kumimina mchanga ndani, ili njaa isimshawishi mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, kuchekecha unga ule na kuuza. Jémima alimshikia midomo ya magunia. Kisimba alikwenda kunawa bila kuambiwa tena.

Unga uliosalia ulikuwa katika beseni iliyofunikwa kitambaa, na katika magunia mawili ya zamani yasiyo na uzi mwekundu: moja la buluu, jingine lenye kiraka. Ndaya akampigia Edouard simu.

"Tata Edouard, kesho nakuya na bunga kidogo, ya kupika siku moja. Ile ingine nilitia mu saki za madini, sikujua. Nimeiharibisha."

Edouard aliuliza: "Ulijua namna gani ni za madini?"

"Ziko na uzi mwekundu mu pembe, ndani ya pindo."

Alisikia mlango ukifunguliwa, kisha kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Edouard aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, hata huku iko. Saki za yule mwingine. Zote."

"Basi musipike."

"Bantu bamekwisha kula leo." Alisikika akiufunga mlango wa ghala. "Kuya na ile kidogo. Kuya mapema. Ya kila wiki tutazungumza hapa, lakini saki tutazichagua pamoja."

Kazadi alitandika turubai ndani ya gari, ambalo sasa lilionekana kubwa mno. Kisimba, akiwa amekwisha kunawa na kuvaa nguo safi, akanyoosha mikono kuinua gunia la buluu. Ndaya aliishika mikono hiyo, akaigeuza, akatazama chini ya kucha, kisha akamwachia gunia.