Dhahabu Ndani ya Friza

Benter, mpimaji wa kliniki, alifungua friji ya maabara akakutana na mguu wa mbuzi. Ulikuwa umelazwa kwenye rafu ya kati, palepale alipoiacha chupa yake ya dawa ya dhahabu ya kupimia saratani.

"Nyama ya nani hii?"

"Yangu," alisema Mburu, daktari mwenye kliniki, macho kwenye simu. "Jana tulikuwa na ruracio, tukipokea mahari ya dada yangu. Hiyo chupa nimeipandisha kwa friza, ishike baridi vizuri."

Ishike baridi! Benter aliitoa ikiwa jiwe. Ilipoyeyuka, wekundu wake ulikuwa umegeuka zambarau chafu, na mashapo meusi yametuama chini. Chembe zile za dhahabu ni ndogo mno, na kila moja imevikwa kitu cha kunasa alama iliyo juu ya seli za saratani. Zikinasa kwa wingi, seli mbaya huonekana nyekundu. Zikiganda hushikana mabonge, basi tena.

Alizijaribu kwa seli za saratani zinazowekwa maabara kwa ajili hiyo. Hazikushika rangi hata kidogo.

Alipogeuka, Mburu alikuwa ameshaitia dawa ileile kwenye sampuli ya seli za kizazi za Gathoni, mama aliyekuwa akingoja nje, anayetokwa damu ilhali hedhi ilikoma zamani.

"Safi kabisa," Mburu alisema, jicho kwenye darubini. "Mwambie aende nyumbani."

"Safi? Hata saratani tunayoijua imetoka safi!"

"Benter, wacha siasa. Huyo mama ametoka Wamagana alfajiri. Nimwambie nini? Ati nyama?"

"Ndiyo. Mwambie nyama."

Mburu alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomfanya Benter avue glavu, aubebe ule mguu wa mbuzi, na kutoka nao hadi kwenye benchi alipoketi Gathoni.

"Mama Gathoni, kipimo chako kimeharibika. Dawa iligandishwa ili nyama hii ya daktari ipate nafasi. Hatujui kama uko mzima. Leo hii nakuandikia uende hospitali kubwa wakutoe kipande kidogo cha kizazi, wapime vizuri."

Gathoni aliutazama ule mguu, kisha akamgeukia Benter.

"Na usingeniambia?"

"Ungeenda nyumbani ukishukuru Mungu."

Gathoni akajifunga leso upya, akasimama.

"Niandikie. Halafu lete hiyo nyama, nimrudishie mwenyewe kwa mkono wangu."

Benter alipomaliza kuandika, Gathoni akaupokea ule mguu, akaingia maabara alimokuwa Mburu bila kubisha hodi.